Wingu Lililodhaniwa Kuwa Mwanzo wa Nyota

Katika elimu ya nyota kuna vitu viitwavyo nebula za kisayari, navyo havina uhusiano wowote na sayari. Jina hilo limedumu kwa zaidi ya miaka 200, na mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya kwanza hupotoshwa nalo. Tumeona vema kueleza jinsi lilivyopatikana, kwa kuwa nyuma yake lipo swali zito lililochukua zaidi ya karne moja na nusu kupata jibu: je, mawingu hayo ni nyota inayozaliwa, au ni nyota inayokufa?

Charles Messier, Mfaransa, aliliona la kwanza mwaka 1764. Yeye alikuwa akitafuta nyota zenye mkia, na mawingu ya namna hiyo aliyaorodhesha hasa ili yasimdanganye. Mwaka 1779 Antoine Darquier wa Toulouse akaeleza mviringo hafifu katika kundi la nyota la Kinubi, akasema unafanana na sayari inayofifia. Lakini aliyelikaza jina ni William Herschel, mzaliwa wa Hannover aliyekuwa mpiga kinanda kanisani mjini Bath, Uingereza, na aliyesugua kwa mikono yake vioo vya darubini zake. Alikuwa ameivumbua sayari ya Uranus mwaka 1781. Tangu mwaka uliofuata akaanza kukuta viduara vidogo vinavyofanana nayo kwa umbo, ila havihami mahali pake. Akaviita vya kisayari kwa ajili ya sura tu.

Wakati huo Herschel alishikilia kwamba kila wingu la angani ni umati wa nyota zilizo mbali mno, hata jicho halizitenganishi. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1790 aliona katika kundi la Ng'ombe nyota moja iliyozungukwa na mwanga hafifu, nyota yenyewe ikiwa katikati kabisa. Kama mwanga ule ungekuwa umati wa nyota za mbali, basi ile ya katikati ingekuwa kubwa kupita kiasi. Na kama nyota ya katikati ni ya kawaida, basi zile nyingine zingekuwa ndogo kuliko inavyosadikika. Akaiacha fikra aliyoitetea miaka mingi, akaandika mwaka 1791 kwamba kuna angani maada inayong'aa ambayo si nyota. Sisi twamheshimu kwa hatua hiyo kuliko hata kwa ile sayari. Hata hivyo akaongeza dhana nyingine: kwamba maada hiyo yafaa kujikusanya na kuifanya nyota. Aliona, basi, uzazi.

Jambo la maada likathibitishwa London. Tarehe 29 Agosti 1864 William Huggins alielekeza spektroskopi, chombo kinachotawanya nuru katika rangi zake, kwenye nebula moja ya kundi la Joka. Nuru ya nyota hutoa utepe wa rangi zinazofuatana. Yeye aliona mstari mmoja tu wenye kung'aa, hata akashuku kwanza kwamba chombo kimeharibika. Kisha akaona mingine miwili. Nuru ya namna hiyo hutoka katika gesi. Miaka hiyohiyo, mjini Roma, Padri Angelo Secchi, Mjezuiti, alikuwa akipima nuru ya nyota kutoka juu ya kanisa la Mtakatifu Inyasi. Alizigawa nyota zaidi ya 4,000 katika makundi, na Jua letu akaliweka pamoja na nyota za manjano. Tangu hapo Jua lilihesabiwa kuwa nyota moja kati ya nyingi, na yanayozipata nyota za kundi lake yalilihusu nalo.

Ule mstari wa Huggins haukulingana na kitu chochote kinachojulikana duniani. Wakabuni elementi mpya, wakaiita nebuliamu. Tusiwacheke: heliamu nayo ilionekana katika nuru ya Jua mwaka 1868, ikapatikana duniani mwaka 1895. Lakini nebuliamu haikupatikana. Mwaka 1927 Ira Bowen, huko California, alionyesha kwamba mstari huo ni wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, nayo iko katika gesi nyepesi kiasi kwamba atomu hukaa muda mrefu bila kugongana. Hewa yetu ni nzito mno kuruhusu hilo.

Swali la uzazi au kifo lilibaki. Jibu likatokana na mwendo. Gesi ya nebula hizi hupanuka kwa kilomita 20 au 30 hivi kila sekunde. Ukirudisha hesabu nyuma, wapata umri wa makumi machache ya maelfu ya miaka. Kitu kinachotawanyika hivyo hakijikusanyi. Mwaka 1956 Iosif Shklovsky wa Moscow akaeleza kwamba nebula ni tabaka za nje zilizotupwa na nyota kubwa nyekundu, na kiini kinachobaki hupoa na kuwa kibete cheupe.

Hivyo ndivyo litakavyokuwa Jua. Haidrojeni ya kiini chake itakwisha baada ya miaka bilioni 5 hivi. Litavimba na kuwa jekundu, litachoma heliamu kuwa kaboni na oksijeni, kisha litapoteza karibu nusu ya uzito wake. Kiini kitakachobaki kitakuwa na ukubwa kama wa Dunia. Gesi iliyotupwa na nyota za namna hiyo zamani, pamoja na kaboni yake, iliingia katika mawingu yaliyozaa nyota nyingine, na sehemu yake imo katika miili yetu. Kwa upande huo Herschel hakukosea kabisa, ingawa yeye hakuwaza hivyo.

Ile nyota ya mwaka 1790 imepimwa upya katika siku zetu. Ni nyota mbili, zinazozungukana kwa takriban miaka 9. Ile iliyotupa gesi ni ndogo na ya moto sana, nayo imefunikwa na nuru ya mwenzake. Nyota aliyoitazama Herschel usiku ule ni huyo mwenzake.