Kitinda Mimba Aliyedharauliwa

Msomaji, huenda umepata kuona katika jamaa fulani mtoto wa mwisho ambaye hula makombo. Wazazi walipokuwa na nguvu na mali, kifungua mimba alishonewa nguo mpya. Kitinda mimba akavikwa zilizochakaa, tena akalaumiwa kwa kuonekana ovyo. Hali hiyo ndiyo iliyoipata filamu moja ya Marekani iliyotolewa mwaka 1973, iitwayo Battle for the Planet of the Apes, yaani vita vya kuigombea sayari ya sokwe. Ni ya tano katika mfuatano wa filamu tano za hadithi za kisayansi, na wengi waliozipanga kwa daraja wameiweka mkiani. Sitaki kukushawishi uitoe mkiani. Nataka tukae nayo kidogo tuone yaliyomo, maana nadhani wengi walioihukumu waliitazama nguo wakaacha kumtazama mtoto.

Asili ya mambo yote ni kitabu cha Mfaransa Pierre Boulle kilichotoka mwaka 1963. Boulle alisomea uhandisi, akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mpira ya Malaya, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akatiwa kifungoni huko Indochina, hata akatoroka mwaka 1944. Mtu aliyekwisha kuwa msimamizi wa vibarua, kisha akawa mfungwa, alijua vema jinsi cheo kinavyoweza kupinduka, wa juu akawa chini na wa chini akawa juu. Katika kitabu chake binadamu ni wanyama wa kuwindwa, na sokwe ndio wenye serikali, vyuo na maabara.

Mtengenezaji wa filamu Arthur P. Jacobs alikichukua kisa hicho, na mwaka 1968 kampuni ya Twentieth Century Fox ikaitoa filamu ya kwanza. Gharama yake ilikaribia dola milioni 6. Wachezaji walibandikwa nyuso za mpira mwepizi, kazi iliyokula saa nyingi kila asubuhi, na fundi wa nyuso hizo, John Chambers, akapewa tuzo maalumu ya Oscar. Watu walijaa katika senema. Msafiri wa angani, aliyechezwa na Charlton Heston, anadhani ameanguka katika sayari ya mbali, mpaka mwisho anapoiona ile sanamu mashuhuri ya Uhuru ya New York imefukiwa mchangani ufukweni. Hapo ndipo anapotambua kwamba yuko nyumbani, na kwamba binadamu wameiharibu dunia yao kwa mikono yao.

Faida ilipoonekana, kampuni ilitaka nyingine. Lakini desturi ya siku zile ilikuwa kwamba filamu ya kufuatia huleta fedha chache kuliko iliyotangulia; kwa hiyo yafaa itumiwe fedha chache vilevile. Mkoba ukazidi kupunguzwa. Filamu ya pili, ya mwaka 1970, ilimalizika kwa bomu lililoiteketeza dunia nzima. Ungedhani hapo hadithi imekufa. La. Jacobs akampelekea mwandishi wake, Mwingereza Paul Dehn, simu fupi ya kumwambia kwamba sokwe wapo na mfuatano watakiwa. Dehn akawaza, akapata njia: sokwe watatu waliruka kwa chombo cha angani kabla ya bomu, wakarudi nyuma katika wakati mpaka Marekani ya mwaka 1973. Hiyo ikawa filamu ya tatu, mwaka 1971. Sokwe hao wanauawa, lakini mtoto wao mchanga anasalia. Katika ya nne, ya mwaka 1972, mtoto huyo ni kijana aitwaye Caesar, na sokwe wamekuwa watumwa wa watu, wakifagia barabara na kubeba sinia hotelini. Caesar anawaongoza katika uasi, na mji unawaka moto. Watazamaji wa Marekani hawakuhitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona mitaa ya Watts katika Los Angeles ikiungua mwaka 1965.

Sasa angalia jambo hili, msomaji, kwa maana ndilo linalotupeleka kwa kitinda mimba wetu. Katika mwisho wa filamu ya nne uliopigwa kwanza, Caesar aliwaachia wenziwe wamwue mtawala aliyewatesa. Ilipoonyeshwa kwa watu wachache ili kujaribiwa, walishtuka mno. Ikabadilishwa. Sokwe wa kike, Lisa, ambaye hajapata kusema maishani mwake, akatamka neno moja tu: hapana. Caesar akageuka na kuhubiri huruma, sauti yake ikibandikwa juu ya picha zilizokwisha kupigwa. Wako wanaosema kwamba badiliko hilo ni woga wa wafanya biashara, na hawakukosea sana. Lakini kwa hilo filamu ya tano ilirithi swali zito: mtumwa aliyevunja mnyororo usiku, kesho yake asubuhi atafanya nini na aliyekuwa bwana wake?

Kabla ya kulijibu swali hilo, nakiri makosa. Filamu hii iligharimu chini ya dola milioni 2, na umaskini wake hauna pa kujificha. Vita vilivyotajwa katika jina lake ni magari machache ya jeshi, pikipiki kadhaa na basi la shule lililochakaa, vikipita kwa shida uwandani. Mji wa sokwe ni vibanda vya mitini katika ranchi ya kampuni milimani California. Nyuma ya wachezaji wakubwa wamesimama sokwe wenye vinyago vya kuvaliwa tu, ambavyo midomo yake haiendi. Maadui ni mabaki ya watu wanaoishi chini ya mji uliopigwa bomu, na hotuba za mkuu wao, Kolp, huchosha. Dehn aliugua asiweze kuumaliza mchezo aliouanza, ukakabidhiwa mume na mke, John William na Joyce Corrington. Muongozaji, J. Lee Thompson, aliyewahi kutengeneza The Guns of Navarone mwaka 1961 kwa fedha tele, hapa alikuwa kama mpishi wa karamu aliyepewa sufuria moja na kuni mbichi.

Hata hivyo, tazama darasani. Mwanzoni mwa filamu twaona shule. Mwalimu ni binadamu, mzee Abe. Wanafunzi ni sokwe, wakubwa na wadogo pamoja. Ubaoni imeandikwa sheria ya kwanza ya taifa lao: sokwe asimwue sokwe. Miongoni mwa wanafunzi yuko Aldo, gorila, jemadari wa jeshi, ambaye mkono wake wa upanga ni mzuri kuliko mkono wake wa kalamu. Kwa hasira na aibu anapasua karatasi ya maandishi. Mwalimu, kama mwalimu yeyote, anapaza sauti kumkataza: hapana, Aldo, hapana! Mara darasa zima linanyamaza. Neno hilo ni haramu. Binadamu haruhusiwi kumwambia sokwe hapana, kwa sababu ndilo neno ambalo sokwe walilisikia kila saa walipokuwa watumwa. Gorila wanalivunjavunja darasa na kumkimbiza mzee yule nje.

Mimi sijui filamu nyingi, za fedha nyingi au chache, zilizopata kuonyesha kwa wepesi namna hii jinsi kidonda cha jana kinavyoweza kugeuka kuwa sheria ya leo. Waliolitunga katazo lile hawakuwa waovu. Walikuwa na maumivu ya kweli, na walitaka yasirudi. Lakini matunda yake ni kwamba mwalimu hawezi kufundisha. Tena kumbuka: hapana ndilo neno lile lile alilolitamka Lisa kuokoa maisha ya adui. Neno la huruma limekuwa neno la jinai, na aliyelifanya hivyo si mgeni. Nyani haoni kundule, wasema wazee. Nao sokwe hawa, ingawa si nyani, hawakuliona lao.

Jambo la pili lililonishika ni ghala ya silaha. Caesar anataka kwenda katika mji ulioharibiwa kuzitafuta kanda zenye sura na sauti za wazazi wake, ambao hakuwajua. Njia ni ya hatari, yataka bunduki. Lakini mlangoni pa ghala ameketi orangutani mzee, Mandemus, aliyewekwa na Caesar mwenyewe awe mlinzi wa silaha na mlinzi wa dhamiri yake. Mzee hafungui mpaka aambiwe bunduki ni za nini, na jibu likiwa legelege anauliza tena. Mfalme amesimama nje akihojiwa na bawabu wake, wala hakasiriki.

Aliyemcheza Mandemus ni Lew Ayres. Jina hilo vijana hawalijui, lakini mwaka 1930 alikuwa yule askari kijana wa Kijerumani katika All Quiet on the Western Front, filamu iliyowaonyesha watu ubatili wa Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Ayres alikataa kuchukua silaha kwa sababu ya imani yake. Mwaka 1942 jambo hilo lilimletea chuki kubwa, na ziko senema zilizokataa kuonyesha filamu zake. Yeye hakukimbilia kujificha. Aliomba kazi ya kutibu majeruhi, akaenda Pasifiki, akawahudumia wagonjwa chini ya moto wa vita. Ukijua hayo, kisha ukamwona chini ya uso wa mpira, amekalia kigoda mlangoni pa ghala, akiuliza bunduki hizi ni za nini, utakubali kwamba si kila kitu katika filamu hii kilinunuliwa rahisi.

Wako na wengine wa kutazamwa. Virgil, orangutani mwenye elimu, alichezwa na mtunzi wa nyimbo Paul Williams, na maneno yake yana chumvi ya ucheshi. Roddy McDowall, aliyekuwamo katika filamu nne kati ya tano, alikwisha kugundua kwamba uso wa mpira hufa usipotikiswa. Kwa hiyo daima anatikisa pua, mashavu, nyusi, hata anaposikiliza tu. Na yule Mtoa Sheria anayeisimulia hadithi, miaka mingi baadaye, ni John Huston, mtu yule yule aliyekuja Kongo na Uganda mwaka 1951 kutengeneza The African Queen. Sauti yake nzito ingeweza kuipa heshima hata orodha ya bei za sokoni.

Nirudi kwenye kisa. Mtoto wa Caesar, akiwa juu ya mti, anasikia njama za Aldo. Aldo anakata tawi, mtoto anaanguka na baadaye kufa. Vita vinapokwisha, siri inafichuka, nao sokwe waliozunguka wananong'ona kisha wanapaza sauti kwamba sokwe amemwua sokwe. Caesar anampandia Aldo mtini, na Aldo anaanguka kutoka juu. Caesar anasimama na mashaka: je, naye si amevunja sheria?

Baada ya hapo kuna tendo dogo ambalo nalipenda kuliko vita vyote. Wakati wa hatari Aldo aliwafungia binadamu wote wa mji ule ndani ya zizi. Caesar anakuja kulifungua mwenyewe. Mlango uko wazi, lakini watu hawatoki. MacDonald, rafiki wa Caesar, aliyechezwa na Austin Stoker, Mwafrika mzaliwa wa Trinidad, anamweleza kwamba ikiwa kufunguliwa maana yake ni kurudi katika utumishi wa jana, basi kukaa zizini na kutoka nje ni mamoja. Wanataka kuwa sawa au wasitoke. Hakuna risasi hapo wala moto. Ni watu waliosimama tu, na mlango ulio wazi. Nadhani mtu aliyesinzia kwa uchovu wa mapigano anaweza kulikosa kabisa.

Jacobs hakuishi kuona dharau wala sifa. Alifariki mwezi wa Juni mwaka uo huo wa 1973, akiwa na umri wa miaka 51, na mfuatano wake katika senema ukakoma. Lakini mwaka 2014 ilitolewa filamu mpya, Dawn of the Planet of the Apes, ambayo gharama yake ilizidi dola milioni 150, na wahakiki wakaisifu. Itazame, msomaji, kisha uniambie umeona nini: Caesar mwenye mke na mwana, makao ya sokwe msituni, mabaki ya watu katika mji ulioharibika, sheria ya sokwe asimwue sokwe, jemadari mwenye chuki anayeivunja, na mwisho msaliti anaanguka kutoka juu mikononi mwa Caesar. Kifungua mimba wa 1968 alirithiwa jina. Mifupa mingi ya hadithi ilitoka kwa kitinda mimba.

Filamu ya 1973 inamalizika zaidi ya miaka 600 baada ya kufa kwa Caesar. Mtoa Sheria ameketi mbele ya watoto, wa sokwe na wa binadamu wakiwa wamechanganyika, akiwaambia kwamba silaha bado ziko ghalani na kwamba wanaingoja siku ambayo hazitahitajiwa. Nyuma yake imesimama sanamu ya Caesar. Watoto wawili waanza kuchokozana, mmoja akimvuta mwenziwe nywele, kama ilivyo ada ya watoto wa kila taifa. Kamera yaisogelea sanamu, na kutoka katika jicho la jiwe latiririka chozi. Wako waliosema ni chozi la furaha, kwa kuwa watoto wameketi pamoja. Wako waliosema ni la huzuni, kwa kuwa Caesar anajua mwisho wa dunia aliouona katika kanda za wazazi wake. Wengine walilicheka tu. Mimi nimelitazama mara kadhaa, na kila mara nimejikuta nikiwatazama tena wale watoto wawili, nione kama yule aliyevutwa nywele atarudisha.