Kijiti na Mtini: Jumapili ya Tatu ya Kwaresima, 1992



Twawasalimu kutoka Pap Onditi, hapa Nyakach. Anayeijua nchi yetu anajua kwamba mtu akisimama sokoni kwetu na kuinua macho, huuona ukingo wa Nyabondo umesimama mbele yake, na kwamba njia ikipanda na kufika Sondu amekwisha kufika mpakani mwa Kericho. Huko Nyabondo ndugu zetu Wakatoliki wana misheni yao na hospitali. Kwaresima ikiingia twawaona wakishuka na alama ya majivu kwenye paji la uso, na kila mwaka husikika baadhi ya Wakristo wetu wakiuliza kama siku hizi arobaini si desturi ya Kirumi tu. La, sivyo. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 kinazo Jumapili zote za Kwaresima, kila moja na Waraka wake na Injili yake. Ila leo hatutaki kubishana juu ya majivu. Twataka kuzungumza juu ya masomo ya Jumapili moja, na mambo yaliyowapata watu wa nchi hii ilipofika Jumapili hiyo.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi masomo yanavyopangwa. Zamani Wakatoliki walikuwa na mpango wa mwaka mmoja kama wetu, na katika Misa ya Jumapili Agano la Kale lilisikika mara chache sana. Jumapili ya tatu ya Kwaresima Injili yao ilikuwa Luka 11, habari ya Bwana Yesu kumtoa pepo bubu na neno lake juu ya ufalme uliofitinika. Kitabu cha Sala kina Injili hiyo hiyo siku hiyo hiyo, maana baba zetu waliirithi kutoka mle mle. Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1963 Mtaguso uliagiza kwamba meza ya Neno la Mungu iandaliwe kwa wingi zaidi, na mwaka 1969 ukatoka utaratibu mpya wa miaka mitatu: Mwaka A wa Mathayo, Mwaka B wa Marko, Mwaka C wa Luka, naye Yohana akipewa nafasi kubwa katika Kwaresima na Pasaka. Agano la Kale likarudishwa karibu kila Jumapili. Utaratibu huo uliwapendeza Waprotestanti wengi. Makanisa ya Amerika ya Kaskazini yalikaa pamoja na Wakatoliki, na mwaka 1983 wakatoa mpango wa pamoja uliojengwa juu yake, wakausahihisha mwaka 1992. Sisi tunaojivunia Biblia hatuna budi kukiri kwamba katika jambo hili tumejifunza kwa Roma.

Sasa twendeni kwenye mwaka huo wa 1992. Ulikuwa Mwaka C.

Tarehe 29 Oktoba 1991 vita vilizuka katika shamba la Miteitei, upande wa Tinderet, wilaya ya Nandi. Watu walioishi pamoja, waliouziana ng'ombe na mahindi, wakaanza kuchomeana nyumba. Moto ukaenea kuufuata mpaka, upande wa Kericho na upande wetu wa Kisumu, kisha mbali zaidi. Desemba mwaka ule sheria ya chama kimoja ilikuwa imefutwa, na uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakuja. Wenye nyumba zilizochomwa wakajisitiri shuleni, masokoni na katika viwanja vya makanisa, bila kuuliza kwanza kama kanisa ni la Wakatoliki au la Waprotestanti. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Kennedy Kiliku ilipotoa taarifa yake mwezi wa Septemba 1992, ilihesabu wafu 779.

Katika siku hizo maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliandika barua ya kichungaji, wakiita watu kwenye haki, upendo na upatanisho. Tarehe yake ni 22 Machi 1992, nayo ilikuwa Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Hawakuzungukazunguka. Walisema kwamba vita vile havikuwa ugomvi wa makabila tu, kwamba nyuma yake ulionekana mpango wa kisiasa, na kwamba vyombo vya usalama havikuwalinda watu wote kwa usawa. Majuma mawili kabla yake, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima hiyo hiyo, maaskofu saba wa Malawi walikuwa wametoa barua yao juu ya umaskini na woga chini ya Rais Banda. Walichapisha nakala 16,000, ikasomwa katika parokia zao zote siku moja. Polisi waliwaita maaskofu na kuwahoji, na kuonekana na barua ile kukawa kosa. Baadaye mwaka huo Wapresbiteri wa Malawi wakasimama pamoja nao, na Juni 1993 wananchi wakapiga kura kuukataa utawala wa chama kimoja.

Wala tusidhani kwamba Waprotestanti wa Kenya walikuwa wamelala. Askofu wetu Henry Okullu wa Maseno South alikuwa ameomba vyama vingi waziwazi tangu mwaka 1990, na Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa taarifa yake juu ya vita hivyo mwaka huo huo wa 1992. Lakini kuna jambo moja katika barua ya Wakatoliki linalotuvuta zaidi, nalo ni siku yake. Hakuna askofu aliyechagua masomo ya siku ile ili yalingane na barua. Masomo yalikwisha kupangwa tangu mwaka 1969.

Somo la kwanza lilikuwa Kutoka sura ya 3. Musa anachunga kondoo wa mkwewe, anakiona kijiti kinachowaka moto bila kuteketea, na Mungu anamwambia kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao, naye ameshuka awaokoe. Fikirini mama aliyekimbia kutoka Tinderet na watoto na sufuria moja, ameketi kanisani Jumapili ile. Moto anaujua. Aliuona ukila paa la nyumba yake. Sasa anasikia juu ya moto usioteketeza, na Mungu asemaye kutoka ndani yake kwamba amesikia. Katika mpango wa zamani wa Misa asingelisikia somo hilo siku hiyo.

Injili ndiyo ngumu. Ni Luka 13. Watu wanamletea Bwana Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato walipokuwa wakitoa dhabihu. Hii ni habari ya serikali kuua watu mahali pa ibada, na waliomletea huenda walitazamia amlaani Pilato. Bwana hafanyi hivyo. Anawauliza kama wanadhani wale waliouawa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, kisha anawaambia waliosimama mbele yake watubu. Anaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Ndipo anatoa mfano wa mtini usiozaa, na mtunza shamba anayeomba mwaka mmoja zaidi aupalilie na kuutilia samadi.

Wahubiri wa pande hizi, wa makanisa yote, hupenda kijiti kuliko mtini. Musa akienda kwa Farao hupata makofi katika kanisa lolote la Nyanza. Mtini haupigiwi makofi, kwa maana unauliza habari za shamba letu sisi tuliodhulumiwa. Hata hivyo masomo yale mawili yaliwekwa pamoja, wala hatuoni kwamba Luka anamfariji Farao. Pilato anabaki muuaji, damu ya Wagalilaya inabaki damu. Ila Bwana hakubali kwamba kuonewa kunamwondolea mtu haja ya kutubu.

Miaka kumi na sita baadaye jambo hilo lilidhihirika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mji wa Kisumu uliwaka. Tume ya Jaji Waki ilionyesha kwamba wengi wa waliokufa Kisumu walipigwa risasi na polisi. Huo ni upande wa kijiti. Lakini maduka ya Wakikuyu na Wakisii yaliporwa na kuchomwa pia, na majirani walioishi nasi miaka mingi wakapakia mizigo yao wakaondoka. Jumapili ya tatu ya Kwaresima mwaka 2008 ilikuwa tarehe 24 Februari, Mwaka A. Somo la Yohana 4 lilisomwa kwa Wakatoliki na kwa wote wanaofuata mpango wa pamoja: Myahudi aliyechoka safari anamwomba Msamaria maji ya kunywa, na mwanamke anashangaa, kwa kuwa watu hao hawachangamani. Siku nne baadaye, tarehe 28 Februari, viongozi wawili waliogombana walitia sahihi mapatano jijini Nairobi.

Maduka mengine ya Kisumu yalifunguliwa tena na wenyewe. Mengine yana wenyewe wapya.

Kwa hesabu ya miaka mitatu, mtini wa Luka 13 utasomwa tena Jumapili ya tarehe 19 Machi 2028. Kule Nyabondo utasomwa pamoja na kijiti cha Musa. Kwetu, kwa wanaofuata mpango wa pamoja, utasomwa pamoja na Isaya 55, mwaliko wa wenye kiu waje majini. Walei wetu na makatekista wao wakitaka kuyasoma masomo hayo matatu pamoja juma moja kabla, mlango wetu hapa Pap Onditi uko wazi, na Sondu ni karibu kwa ndugu wa Kericho watakaopenda kushuka.