Mpiga picha wa harusi: uliza kwanza picha zitalala wapi

Mfunguo mosi ukiingia, kumbi za Mombasa, Malindi na Lamu hujaa harusi, na mwezi wa Desemba huwa vivyo hivyo kwa kuwa shule zimefungwa na jamaa walio ng'ambo wamerudi. Familia hukaa wiki nzima zikibishana juu ya biriani, mapazia na kiti cha bibi harusi. Mpiga picha hutafutwa mwisho, mara nyingi kwa simu moja tu: "Mwanangu, tarehe fulani una nafasi? Wataka ngapi?" Basi. Na ndiye huyo ambaye watu wakishatawanyika ataondoka na sura za wanawake wa familia mbili ndani ya kadi ndogo kama ukucha.

Harusi zetu zina sehemu mbili zisizochanganyika. Nikaha ni ya wanaume, msikitini, baada ya Alasiri au Isha. Hina na kupamba ni za wanawake peke yao; buibui huvuliwa mlangoni, nywele zikaonekana, nguo zikaonekana, na mtu hucheza bila hofu kwa sababu anajua aliye mbele yake ni mwanamke mwenziwe. Kwa hivyo kila familia hujua kuajiri mwanamke kwa upande wa kina mama. Nilipoolewa mimi kumpata mwanamke anayejua kushika kamera ya video ilikuwa kazi. Leo, alhamdulillahi, wasichana wenye ujuzi huo ni wengi na wana bidii.

Lakini anayepiga si lazima awe ndiye anayehariri, na hapa ndipo watu wengi hawaulizi. Studio nyingi humtuma msichana ukumbini, kisha usiku ule ule kadi inafika kwa kijana wa kiume aliyekaa mbele ya kompyuta. Yeye ndiye atakayetazama kupamba nzima, tena si mara moja: ataisimamisha, ataikuza, atairudia, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mwanamke aliyekuwa mlangoni akiwazuia vijana wasichungulie alikuwa analinda nini basi? Muulize mpiga picha waziwazi: nani atahariri, wapi, kwa kompyuta ya nani, na albamu itachapishwa wapi? Mwenye majibu atakujibu hapo hapo. Anayeanza kukuambia "usijali, tutaona," mshukuru na utafute mwengine.

Mwaka juzi mwanamke ninayemjua alialikwa kwenye kupamba. Hakuwa bibi harusi wala jamaa wa karibu, ni mgeni tu. Wiki mbili baadaye picha yake, kichwa wazi na mikono nje, ilikuwa kwenye ukurasa wa Instagram wa mpambaji wa ukumbi. Mpambaji alitaka kuonyesha maua yake, akamwomba mpiga picha, naye akampa. Mume yuko Ghuba, na picha ilimfikia kabla mkewe hajajua kwamba ipo. Iliondolewa siku hiyo hiyo, ila ilikuwa imeshatumwa huku na kule. Hakuna aliyekusudia ubaya, na ndiyo maana inafaa kuogopwa: mpambaji, msusi, mtia vipodozi, mshonaji na mwenye ukumbi wote huomba picha za kutangazia kazi zao, na mpiga picha huona haya kuwanyima.

Sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagiza mtu akufanyie, haki yake huhesabika imehamia kwako wewe uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Mikataba mingi ya studio, ile ya ukurasa mmoja unaotiwa saini juu ya boneti la gari, ina mstari unaosema picha ni mali ya studio na yaweza kuzitangaza. Ukate mstari huo kwa kalamu, nyote wawili mtie saini pembeni. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka mtu aridhie kwanza kabla taarifa zake kutumiwa kwa biashara, na picha ya uso wako ni miongoni mwa taarifa hizo. Ridhaa ya bibi harusi haimfungi mgeni wake. Aliyedhulumiwa aweza kumshtakia Kamishna wa Kulinda Data, japo sijamuona mama wa Kibokoni akitamani kuipeleka aibu yake ofisini. Bora kuzuia.

Ukitaka kuona kazi ya mtu, usiridhike na picha ishirini alizochagua yeye. Omba harusi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini tahadhari. Dada akikufungulia simu na kukuonyesha kupamba ya watu, nyuso wazi, ili akuthibitishie ufundi wake, umeshapata jibu la vile atakavyofanya na yako. Mwenye adabu atakuonyesha mikono yenye hina, nguo, ukumbi, watoto, upande wa wanaume, na familia zilizomruhusu. Kisha atakupa nambari ya mama mmoja au wawili aliowafanyia kazi. Wapigie. Waulize kama picha zilifika kwa tarehe iliyoahidiwa, maana wako mabibi harusi waliojifungua mtoto wa kwanza kabla ya albamu kufika.

Ufundi nao una mambo ya kwetu. Bibi harusi huvalishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kamera iliyokaa baridini ikitolewa ghafla kwenye joto na unyevu wa pwani, lenzi hufunga ukungu, na ukungu huo huchukua dakika kumi au zaidi kuondoka. Mjuzi hulitoa begi mapema likiwa limefungwa. Taa za rangi za ukumbini hugeuza nyuso kuwa za zambarau na hina nyekundu kuwa nyeusi kama piko, kwa hivyo muulize kama ana taa zake. Mkitaka picha za bwana harusi ufukweni baada ya nikaha ya Alasiri, kumbukeni jua la Mombasa huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni kulingana na mwezi, na foleni ya Nyali haingoji mtu.

Kwa nikaha, imamu aombwe ruhusa mapema. Mpiga video mmoja aliyekaa chini atosha. Watatu waliosimama mbele ya wazee wakimulika taa machoni mwa sheikh ni utovu wa heshima. Jambo la maana ni sauti. Ijabu na kabuli mara nyingi husemwa chini chini, na bila ya kipaza sauti kidogo kilichowekwa karibu mtapata video ya midomo inayochezacheza. Semeni pia mapema kama mwataka kasida au taarabu chini ya video, au hamtaki ala kabisa.

Pesa zilipwe kwa mafungu: arubuni ya kushika tarehe, sehemu siku ya harusi, na baki mkononi mwako mpaka kazi ifike. Mkataba utaje jina la atakayekuja mwenyewe, jina la atakayehariri, tarehe ya kukabidhi, na siku ambayo nakala zilizobaki studio zitafutwa. Picha zikitumwa kwa mtandao, kiungo kiwe na neno la siri, si kile cha kufunguka kwa kila aliyetumiwa.

Familia kadhaa ninazozijua zimeanza kununua kadi zao mpya. Mpiga picha hupewa mlangoni, usiku huzirudisha, na kuhariri hufanywa nyumbani kwa bibi harusi au kwa dada mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Shangazi mmoja asiye na makeke hukabidhiwa kazi hiyo tangu wiki ya kabla: kuhesabu kadi zinazoingia, kuhesabu zinazotoka, na kusimama na mtu wa kubandika vibandiko kwenye kamera za simu za wageni, akiwemo mama wa bwana harusi.