Taa ya Ukungu na Waya Wake wa Peke Yake

Historia ya motokaa aghalabu huandikwa kwa habari za injini na mwendo. Taa hutajwa kwa uchache, na nyaya za taa hazitajwi kabisa. Walakini katika nyaya hizo mna swali lililowashughulisha watengenezaji, watunga sheria na mafundi kwa miaka mingi: je, taa ya ukungu iwake kwa hiari ya dereva, au ifungwe na taa nyingine za gari, iwake na kuzimika kwa amri yao? Jibu la swali hilo limebadilika zaidi ya mara moja, na kila badiliko limeacha alama katika kazi ya fundi na katika maneno anayoyatumia.

Motokaa za kwanza zilikuwa na taa za mafuta, kisha taa za gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondosha maji juu ya kabidi. Kila taa iliwashwa kwa moto wake, na kuzimika kwa moja hakukuidhuru nyingine. Umeme ndio uliozikusanya taa pamoja. Gaston Planté, Mfaransa, alikuwa amekwisha kubuni betri ya risasi na asidi mwaka 1859, lakini gari lilingoja zaidi ya nusu karne kuitumia vema. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuwa na mtambo mmoja wa umeme kwa ajili ya kuwashia injini na kuwashia taa, na mwaka 1913 kampuni ya Robert Bosch katika Ujerumani ilianza kuuza taa pamoja na dinamo yake. Tangu hapo taa zote zilinywa katika kisima kimoja, na ikawa lazima kuamua ipi inywe, na wakati gani.

Taa ya ukungu ilizaliwa kwa sababu taa ya kawaida hushindwa pale inapohitajiwa zaidi. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yaliyotanda hewani. Mwanga mkali unaotupwa mbali huyapiga matone hayo, ukarudi katika macho ya dereva kama ukuta mweupe. Kwa hiyo taa ya ukungu hufungwa chini, karibu na barabara. Mwanga wake hutandazwa upana, na upande wa juu hukatwa kama kwa kisu, usipande kwenye ukungu ulio mbele ya macho. Wengi walisadiki pia kwamba mwanga wa manjano hupenya ukungu kuliko mweupe. Imani hiyo haina msingi imara, kwa maana matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganishwa na mawimbi ya mwanga, nayo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa. Hata hivyo Ufaransa, kwa sababu zake nyingine pia, iliamuru mwaka 1936 taa za mbele za magari ziwe za manjano, na amri hiyo ikadumu hata mwaka 1993.

Kwamba jambo hili halikuwa la anasa kulidhihirika London mwezi wa Desemba 1952. Kwa siku tano, tangu tarehe 5 hata tarehe 9, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu hata watu wakashindwa kuiona miguu yao. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakishika taa za mkono ili madereva wawafuate. Katika hali kama hiyo taa kali za gari zilikuwa hasara tupu, na aliyekuwa na taa ya chini, tena aliyeweza kuiwasha pasipo kuwasha nyingine, ndiye aliyekuwa na msaada.

Katika miaka hiyo taa za ukungu zilikuwa aghalabu mali ya nyongeza. Mwenye gari alizinunua dukani, akazifunga kwenye bampa, akavuta waya kutoka kwenye betri hata kwenye swichi yake, na kutoka kwenye swichi hata kwenye taa. Kwa asili yake, basi, taa ya ukungu ilikuwa huru. Ilipoteza uhuru huo watengenezaji walipoanza kuifunga wenyewe kiwandani. Hapo njia zikagawanyika mbili.

Katika Marekani ikawa desturi kuifanya taa ya ukungu imtegemee mwenzake: huwaka tu wakati taa za mbele ziko katika mwanga wa karibu, na dereva anapopandisha mwanga wa mbali, nayo huzimika papo hapo. Sababu yake ni ya maana. Taa ya ukungu hung'arisha sana barabara iliyo karibu, na jicho likizoea mwangaza huo hupungukiwa na nguvu ya kuona mbali. Ajaye upesi katika giza hudhani anaona vema, kumbe aona hatua chache tu. Njia ya pili ni ile ya kanuni zilizotungwa chini ya Mapatano ya Geneva ya mwaka 1958. Kanuni ya 48 katika mapatano hayo yataka taa za ukungu za mbele ziweze kuwashwa na kuzimwa pasipo kutegemea mwanga wa mbali wala wa karibu. Na Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani yaliweka mpaka wa matumizi: taa hizo ziwashwe tu katika ukungu mzito, theluji, mvua kubwa au hali iliyo mfano wa hayo. Yaani njia moja iliukabidhi waya ulinzi wa barabara, na njia nyingine iliukabidhi ulinzi huo kwa dereva, ikimwekea sheria.

Fundi anayeombwa kuitenga taa ya ukungu husimama katikati ya njia hizo mbili. Kazi yenyewe si kubwa. Chombo chake ni rilei, ambayo haikuzaliwa katika gari bali katika majaribio ya Joseph Henry wa Marekani mwaka 1835, na ikapata kazi katika telegrafu: umeme mdogo huamrisha umeme mkubwa. Katika utaratibu wa Wajerumani, ulioenea katika magari mengi, miguu ya rilei huandikwa namba: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, nao 85 na 86 ndio wa amri. Katika gari lililofungwa kwa desturi ya Marekani, waya wa amri hutoka kwenye taa za mwanga wa karibu. Fundi huukata hapo, akauunga kwenye taa ndogo au kwenye swichi mpya. Taa ya ukungu ikawa huru.

Lakini uhuru huo una hesabu yake. Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta ampea 9 na zaidi kidogo; katika magari ya zamani ya volti 6, wati hizo hizo zingevuta mara mbili yake. Swichi ndogo isiyo na rilei huungua kwa mzigo huo, na waya mwembamba usio na fyuzi huyeyusha ganda lake.

Hapa ndipo lugha ya gereji inapostahili kusikilizwa. Kiswahili kilipoupokea umeme hakikuwa na jina moja. Wengine waliuita umeme, ambalo ni jina la mmweko wa radi. Katika Kenya likashika stima, neno lililotokana na mvuke wa Kiingereza na lililokuwa jina la meli za mvuke. Vyombo vilikuja na majina yao: betri, swichi, fyuzi, dinamo, rilei. Lakini vitendo vilibaki vya Kiswahili. Waya huungwa, hukatwa, huvutwa; taa huwaka, huzimika, hufifia. Na kile kinachopita ndani ya waya, mafundi wengi hukiita moto: husema taa haipati moto, au moto haufiki kwenye swichi. Mtaalamu wa elimu ya umeme aweza kulisahihisha neno hilo, lakini litazamwe kwanza. Nalo jina ukungu lina maana zaidi ya moja: kungugu la asubuhi, weupe wa alfajiri, na kuvu ya nguo iliyokaa unyevuni.

Nchi za Afrika ya Mashariki zina haja ya taa hizi. Barabara ipitayo Limuru kuteremka Bonde la Ufa hufunikwa na ukungu mara kwa mara, na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwazoesha watu kuona magari yaliyoongezwa taa mbele. Kwa dereva wa lori anayeshuka mteremko huo usiku, kuweza kuzima mwanga unaomrudia machoni na kubaki na ule wa chini ni jambo la uhai. Kwa anayekuja mbele yake usiku usio na ukungu, taa hizo hizo zikiachwa zikiwaka ni karaha, na pengine ajali.

Magari ya siku hizi yanaifunga milango ya kazi hii. Katika mengi, kompyuta ndiyo inayowasha taa, nayo hupima umeme wa kila moja. Waya ukikatwa, huandika kosa. Badiliko lililofanywa kwa koleo sasa hufanywa kwa programu. Lakini swali la kwanza halikuondoka, limehamia tu kwingine: ni nani aamuaye mwanga, chombo au mtu? Fundi wa zamani, alipoutenga waya, aliutia fyuzi karibu na betri kabla ya jambo jingine lolote. Aliuita moto, na akautendea kama moto.