Kushuka maporomoko ya Sheldrick wakati wa kaskazi

Wakaazi wa Mombasa tunaijua Shimba Hills kwa jina, na wengi wetu tumekunywa maji yake, kwa kuwa chemchemi za Marere zilizo kwenye vilima hivyo ni miongoni mwa zinazolisha mji. Waliokwenda kuyaona maporomoko yake ni wachache. Mimi nimeshuka mara kadhaa, na haya ni kwa anayetaka kwenda na jamaa zake kati ya Januari na Machi, jua linapochoma.

Kinachowadanganya watu ni umbali. Kutoka Elephant Hill, unapoacha gari, ni kama kilomita 2 tu, na kwenda ni mteremko. Mtu hushuka akiimba. Kazi iko kurudi: njia ile ile, sasa ni kupanda, miguu imechoka na jua liko utosini. Kwa hivyo mkipewa hiari ya saa, chukueni ya asubuhi.

Joto letu la Pwani lina ubaya wake. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Unamwona mtu shati limerowa chepechepe na bado anazidi kuchemka. Lita 2 za maji kwa kila mtu mzima ndicho kipimo changu, tena yanywewe kidogo kidogo tangu mwanzo, si kungojea kiu. Chumvi nayo hutoka na jasho. Korosho za chumvi zafaa kuliko biskuti. Maji yatieni kwenye chupa za kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 5, 2020.

Mwenzenu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, simameni. Mkalisheni kivulini, mnywesheni, mrowesheni kanga mumfunike mabegani. Akianza kuropokwa au kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya maisha: mmwagieni maji mwili mzima, msimlazimishe kunywa, na askari aite msaada wa kumfikisha hospitali upesi.

Askari huyo si pambo. Msituni mna ndovu na nyati, na hairuhusiwi kushuka bila yeye. Mkinyamaza njiani mtafaidi zaidi, ingawa palahala, ambao kwa Kenya nzima hupatikana hapa tu, hupenda nyika ya wazi kule juu.

Chini, maji huanguka zaidi ya mita 20 hadi kwenye kidimbwi. Baridi yake, baada ya jua lile, sina la kuifananisha nayo. Watoto hawatataka kutoka. Watoeni na mapema, wapumzike kabla ya kupanda. Mzee mwenye presha au magoti mabovu, kwa maoni yangu, abaki juu na upepo wake.

Kufika ni rahisi: Likoni, Kombani, kisha Kwale mjini, na lango haliko mbali. Ndani ya hifadhi hamtembei ovyo kwa miguu, kwa hivyo kodini gari. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen. Lipeni mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Na masika yakianza, njia huwa utelezi mtupu, viatu vya kandambili viacheni nyumbani.