Kanisa la Msonge

Ewe msomaji ukaaye Bulla Pesa, barabara ipitayo Isiolo kwenda Marsabit na Moyale haikomi mpakani. Huingia Ethiopia, na mwenye kuifuata hata nyanda za juu za kaskazini ataona, katikati ya miti mirefu, majengo ya mviringo yenye mapaa yaliyochongoka. Asiyejua atadhani ni misonge ya wakulima. Kumbe ni makanisa.

Ukristo ulishika mizizi nchini humo katika karne ya 4, zama za Mfalme Ezana wa Aksum, askofu wa kwanza akiwa Frumentius. Kanisa kuu la Aksum lilijengwa kwa pembe nne, na yale ya Lalibela yalichongwa katika mwamba. Kisha vikaja vita vya Imamu Ahmad ibn Ibrahim, tangu 1529 hata 1543, makanisa mengi yakateketea. Baada ya vita hivyo umbo la mviringo, lifananalo na nyumba za wenyeji, lilienea sana, hasa kandokando ya Ziwa Tana, ambalo usilichanganye na Mto Tana wetu.

Chukua mfano wa Ura Kidane Mehret, katika rasi ya Zege ziwani humo. Ndani mna sehemu tatu, moja ikiizunguka nyingine. Ya nje ni ya waimbaji. Ya pili ni ya wapokeao ushirika. Na katikati pana chumba cha pembe nne, ambamo huwekwa taboti, kibao kitakatifu kikumbushacho Amri Kumi za Musa. Humo hawaingii ila makasisi na mashemasi. Kuta za chumba hicho zimejaa picha za Biblia na za watakatifu, zilizochorwa juu ya nguo iliyobandikwa ukutani, hata asiyejua kusoma apate mafundisho.

Adui wa picha hizo ni mvua. Paa la nyasi halidumu, nalo likivuja, rangi huharibika. Kwa hiyo kila kizazi kilipaswa kuezeka upya, ingawa siku hizi makanisa mengi yameezekwa mabati.

Hapo Isiolo nako wako akina mama wa Kiborana na wa Kisomali wajuao kuinamisha fito na kuzifunika mikeka, zikawa nyumba ya mviringo. Ujuzi wao ni historia isiyoandikwa. Waulize, nawe ujifunze, kabla haujatoweka.