Ziara ya magofu ya Kilwa

Ziara ya magofu ya Kilwa ni matembezi ya siku moja ambayo wanafunzi, watalii na vikundi vingine hufanya kwenye mabaki ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Magofu hayo, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Anayefika kisiwani huona majengo, lakini vitu vingi vilivyotoka humo viko mbali. Kwa sababu hiyo ziara huwa kamili ikiambatana na kutembelea makumbusho.

Njia na delta ya Rufiji

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300 kwa barabara. Barabara hupita mji wa Kibiti, kisha huvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni. Kwenye njia panda ya Nangurukuru msafiri huacha barabara ya Lindi na kuelekea Masoko.

Mashariki ya barabara hiyo, katika wilaya ya Kibiti, iko delta ya Rufiji yenye kata kama Kiongoroni na misitu mikubwa ya mikoko. Delta inahusiana na magofu kwa namna mbili. Kwanza, boriti za mikoko zilikuwa nguzo ya ujenzi wa nyumba za mawe za pwani: ziliwekwa juu ya kuta kubeba dari, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa karne nyingi boriti za Rufiji zilisafirishwa pia kwa majahazi hadi Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni haba.

Pili, pwani hii ilijulikana kwa Wagiriki wa kale. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania. Mahali penyewe hapajathibitishwa. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua katika eneo la Rufiji shanga za asili ya Kirumi, na anashikilia kwamba Rhapta ilikuwa upande huo.

Kuvuka kwenda kisiwani

Kabla ya kuvuka, kikundi hupata kibali katika ofisi ya serikali mjini Kilwa Masoko na kupewa mwongozaji. Mlangobahari huvukwa kwa mashua au boti ya mashine. Wakati wa maji kupwa abiria huweza kulazimika kushuka na kutembea majini, kwa hiyo muda wa kuondoka hupangwa kwa kufuata maji.

Kisiwa kina wakazi, na nyumba zao ziko karibu kabisa na magofu. Wengi wao ni Waislamu, na wageni hutakiwa kuvaa kwa heshima.

Majengo yanayotembelewa

Gereza ni ngome iliyo ufukweni, na ndiyo inayoonekana kwanza kutoka baharini. Wareno waliishambulia Kilwa mwezi Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida wakajenga ngome hapo, kisha wakaondoka mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliolijenga upya baadaye.

Msikiti Mkuu ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi iliyobaki kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu ya kaskazini, upande wa kibla, ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu ya kusini yenye matao na kuba iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, na ilitengenezwa tena katika karne ya 15 baada ya kubomoka. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe.

Karibu na hapo upo Msikiti Mdogo wa karne ya 15, ambao kuba zake kadhaa bado zimesimama, na jumba la Makutani lililokuwa makao ya masultani katika karne ya 18.

Husuni Kubwa iko mashariki ya mji, juu ya jabali linaloitazama bahari. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Inaelekea halikumalizika. Sultani huyo ndiye aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na msafiri huyo aliusifu mji kwa uzuri na sultani kwa ukarimu. Sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu. Utajiri wa Kilwa ulitokana zaidi na dhahabu iliyopita bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Historia ya Kilwa haikuwa ya dhahabu tu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, upande wa bara, mji ambao baadhi ya vikundi huuongeza katika ratiba.

Vikundi vyenye muda huendelea hadi Songo Mnara, ambako nyumba za wakazi wa karne ya 14 hadi ya 16 zinaonekana vizuri kuliko Kilwa Kisiwani.

Makumbusho

Mjini Athens, Ugiriki, Makumbusho ya Akropolisi yaliyofunguliwa mwaka 2009 yako chini ya kilima chenye magofu, na mgeni huona jengo na sanamu zake siku hiyohiyo. Hata hivyo, sanamu nyingi za Parthenon ziko London, na Ugiriki inazidai. Hali ya Kilwa inafanana na hiyo kwa kiasi. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Historia ya Kilwa na vitu vyake huonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940.

Kitu mashuhuri zaidi kiko Lisbon, Ureno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumiwa kutengeneza chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale ya Ureno.

Uhifadhi

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufukwe na misingi ya majengo, mvua ilidhoofisha chokaa, na mizizi ya miti ilipasua kuta. Mikoko inapokatwa, ufukwe hubaki bila kinga dhidi ya mawimbi. Kuta ziliimarishwa, vizuizi vya mawimbi vikajengwa, na mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha hiyo. Mmomonyoko wa ufukwe bado ni tishio.

Wageni huombwa wasipande juu ya kuta. Vipande vya vyungu, kauri za Kichina, shanga na sarafu huonekana ardhini hasa baada ya mvua, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Kipande kikiachwa mahali pake humwambia mtafiti kilitumika wapi na wakati gani. Kikichukuliwa, habari hiyo hupotea.